Msafara wa Wendell Grubbs Kwenda Kiwanja Namba Saba

Wendell Grubbs alikuwa msafiri mkubwa kuliko wote waliopata kuishi katika mji wetu wa Harlow Fork, Missouri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwahi kuondoka.

Gari la safari alikuwa nalo. Na gari gani! Nyumba nzima ya magurudumu, ndefu kama behewa lililokosa reli, yenye jiko, bafu, choo, na kitanda kilichowekwa chini ya dirisha kubwa la nyuma ili mlalaji aitazame dunia ikimkimbia. Alilinunua kwa mjane wa kaunti jirani, siku alipostaafu kazi ya kuuza mashine za kukatia nyasi. Lilikuwa jeusi. Wendell alilisugua kwa nta mpaka paka wa jirani, alipojiona ubavuni mwake, akakunja mgongo na kuanza kumtukana paka mwenzake.

Misimu mitatu ya kiangazi ilipita, gari likiwa limesimama pale pale mbele ya nyumba. Kila asubuhi mwenye gari alivaa kofia ya walinzi wa misitu, ile ya ukingo mpana na kamba chini ya kidevu, akaenda kwenye mgahawa wa Dottie kuwafundisha wazee wenzake elimu ya barabara.

"Mlima hautaki pupa," alisema huku akikoroga kahawa. "Breki usizikanyage. Zibembeleze."

"Mlima upi huo, Wendell?" aliuliza Hollis Pruitt, mkulima wa soya, mtu ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote.

"Milima kwa ujumla."

"Aa! Kwa ujumla umeipanda mingi sana wewe!"

Wazee wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Wendell hakujali. Watu wakubwa wote walichekwa na majirani zao kwanza.

Mkewe, Lavonne, alikuwa ameendesha basi la shule la kaunti yetu kwa nusu ya umri wake. Alivuka theluji, mafuriko na wanafunzi wa darasa la saba, na hakuwahi kulitaja hata moja kati ya hayo mgahawani. Alikuwa na haja moja tu. Katika Hifadhi ya Jimbo ya Otter Bend kuna kambi kando ya mto, na ndani ya kambi hiyo kuna kiwanja kimoja, namba saba, kilichokaa ukingoni kabisa, chini ya mti mkubwa wa gome jeupe. Hapo ndipo baba yake alipokuwa akiwapeleka yeye na kaka yake, Merle Tackett, walipokuwa wadogo.

"Nataka nilale nasikia maji yanapita," alisema Lavonne. "Basi. Sijaomba mwezi."

"Na utayasikia!" alijibu Wendell. "Lakini safari haiendwi hivi hivi, mpenzi. Safari inapangwa."

Hapo sina budi kueleza jambo ambalo wageni hulikataa wakiambiwa. Otter Bend si mbali. Ukitoka kanisani ibada ikiisha, unafika kabla kuku wako wa kukaanga hajapoa.

Wendell aliipanga safari hiyo kama jemadari anayevusha majeshi jangwani. Meza ya kulia chakula ilitwaliwa. Juu yake alitandaza ramani, akatembeza kigari cha kuchezea cha mjukuu wake, na popote palipokuwa na kona alinyanyua mkono kuomba ukimya. Lavonne alihamia kula jikoni, amesimama, kama farasi.

Zikafuata siku za mazoezi. Wendell alimlaza mkewe ndani ya gari mbele ya nyumba yao wenyewe, kwa masharti kwamba haruhusiwi kuingia nyumbani, kwa sababu nyumbani "ni mbali." Lavonne alitaka chumvi. Chumvi ilikuwa dirishani, anaiona!

"Tuko porini," alisema Wendell. "Porini hakuna jiko la nyumbani."

"Wendell, naiona chumvi yangu."

"Hayo ni mazigazi. Huwapata wasafiri."

Alipeleka gari kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa la Methodisti ili ajifunze kurudi nyuma. Huku kwetu jambo hilo ni mtihani wa hadhara. Mtu akiingiza gari kinyumenyume katika kiwanja cha kambi, majirani wote hukaa kwenye viti vya kukunja, na vinywaji mikononi, kumtazama, na ndoa nyingi zaidi zimevunjika hapo kuliko mahakamani. Wendell aliagiza mkewe asimame nyuma na kupunga mikono kwa mtindo aliouvumbua mwenyewe. Mkono wa kulia juu, maana yake kushoto. Mikono yote miwili juu, maana yake kulia kidogo. Akina mama wa kanisa waliokuwa wakitoka kwenye mazoezi ya kwaya walidhani Lavonne amejazwa Roho, wakaimba naye beti mbili.

Halafu ikaja vita ya kupata kiwanja chenyewe. Nafasi za ukingoni huwekwa kwa mtandao, na dirisha likifunguliwa asubuhi huisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Wendell alikusanya binamu, wakwe, wajukuu na fundi bomba aliyekuwa amekuja kwa shughuli zake, kila mmoja na simu au kompyuta, kila mmoja kidole hewani.

"Msibonyeze mpaka niseme!" alinguruma. "Tayari... tayari... BONYEZA!"

Walibonyeza wote kwa pamoja, na mtandao wa mtaa mzima ukazimia. Wakiwa bado wanatikisa simu zao, Lavonne alitokea jikoni akipaka siagi mkate.

"Nimekipata," alisema, akionyesha simu yake. "Namba saba. Ijumaa ya mwisho ya Juni. Nani anataka mkate?"

Kiwanja kikaandikwa jina la Lavonne Grubbs. Alasiri hiyo hiyo, Wendell alisimulia kwa Dottie jinsi yeye alivyokipata.

Siku hiyo mgahawani alikuwapo Merle Tackett, kaka yake Lavonne, mtu wa masharubu makubwa na pikapu kuukuu. Merle hakuwahi kuweka nafasi popote maishani mwake. Yeye hukaa langoni na hema lake, akisubiri. Sheria ya Otter Bend inajulikana na kila mtu: asiyefika kabla ya lango kufungwa jioni amepoteza kiwanja chake, kinapewa aliyepo. Merle aliishi vizuri sana kwa uchelewaji wa wengine.

"Shemeji," alisema Merle, "Ijumaa nitakuwa pale langoni. Nikuwekee kiti?"

"Kaa chini wewe na hema lako la kobe!" alifoka Wendell. Akavua kofia na kuibwaga mezani. "Sikilizeni wote! Ijumaa lango likifungwa, miguu yangu itakuwa ndani ya maji ya Otter, kiwanja namba saba. Isipokuwa hivyo, kofia hii ni ya Merle. Ataivaa hapa, kwenye kiti hiki, nami nitamnyamazia."

Kofia angeweza kuitoa. Kunyamaza!

"Mashahidi mpo?" aliuliza Merle.

"Tupo," alijibu Opal Dinwiddie kutoka meza ya pembeni.

Bi Opal ndiye mwenyekiti wa chakula cha misiba cha akina mama wa Methodisti. Paja lake la nguruwe, lililookwa kwa sukari guru na nanasi, halina mfano katika kaunti hii, naye halipiki harusini wala Krismasi. Msibani tu. Wendell alilipenda kuliko pensheni yake ya uzeeni. Alihudhuria maziko ya watu ambao hakuyajua hata majina yao ya kwanza, akilia kwa dhati, kwenye foleni ya sahani.

Basi Ijumaa ikafika, na manyunyu mepesi yakidondoka. Wendell alifunga vibendera viwili vya zambarau mbele ya gari ili lionekane vizuri barabarani. Alivinunua kwenye mauzo ya vitu vikuukuu uani kwa mtu, na hakuuliza vilikuwa vya nani hapo kwanza. Akavaa shati jeupe. Akavaa tai. Akavaa kofia. Akawasha injini.

Kitu kikapiga yowe.

Lilitoka juu ya kitanda cha nyuma. Lavonne alifungua kifuniko cha tundu la hewa, akachungulia, akaziba mdomo kwa mkono. Ndani palikuwa na kiota, na ndani ya kiota vifaranga vinne vimepanua midomo kama makoleo. Mama yao, ndege mdogo wa kahawia mwenye mkia uliosimama wima na sauti kubwa kuliko mwili wake, alikuwa kwenye kioo cha pembeni, akimtukana Wendell kwa kila alichokijua.

Gari lilikuwa limepangiwa safari muda mrefu kiasi kwamba ndege walihamia.

"Zima," alisema Lavonne.

"Nitakihamisha kiota. Nakiweka pale kwenye ua."

"Hukihamishi. Sheria inakataza kugusa kiota chenye makinda. Watakutia ndani, Wendell, nami nitakuja kutoa ushahidi."

Wendell alitembea huku na huku kwenye manyunyu. Alifikiri juu ya Merle. Alifikiri juu ya kofia. Kisha akanyanyua kidole.

"Sheria inasema kiota kisihamishwe. Sawa! Mimi sikihamishi. Mimi nahamisha gari. Kiota kimeamua chenyewe kupanda!"

Lavonne aliangalia barabara inayoelekea mtoni. Aliiangalia muda mrefu.

"Kwa sharti moja," alisema.

Injini ilipowashwa tena, kiota kililegea na kudondoka, naye Wendell, kwa mruko ambao hakuurudia tena, alikidaka kwa kofia yake. Hapo ndipo sharti likatangazwa. Wendell atalala chali kitandani, chini ya dirisha la nyuma lililoachwa wazi kidogo ili mama ndege aingie. Kofia itakaa kifuani, ameishika kwa mikono yote miwili. Hatasema. Hatatingishika. Macho atayafumba, kwa kuwa ndege, alisema Lavonne, anaogopa macho yake, na hamlaumu.

"Na gari?" aliuliza Wendell kwa sauti nyembamba. "Nani atalibembeleza?"

"Nimeendesha basi la watoto sitini, wewe mmoja hunishindi," alisema Lavonne. "Lala."

Wakaondoka! Ndiyo, wakaondoka. Ila ndege yule hakuwa tai. Ilibidi Lavonne aende mwendo wa mtu anayetembea na mjamzito, indiketa zote mbili zikipepesa, mama ndege akirukaruka kutoka tawi hadi kioo, mdudu mdomoni. Vifaranga vilipopiga kelele, gari lilipunguza mwendo zaidi. Mama aliingia, alilisha, alitoka.

Barabara ya Otter Bend ni nyembamba, ina kona nyingi na mistari miwili ya njano katikati, na watu wa Harlow Fork hawapiti gari jingine kwenye mistari miwili hata nyumba zao zikiungua. Kwa hiyo aliyewakuta alibaki nyuma. Wa kwanza alikuwa Mchungaji Odom, ndani ya gari lake jeusi, akienda kumtembelea mgonjwa. Wa pili alikuwa muuza maua na gari lililojaa maua meupe ya harusi. Wakafuata wengine, na kwa kuwa mvua ilinyesha, wote waliwasha taa.

Nawaomba mlitazame tukio hili kama lilivyotazamwa kutoka kando ya barabara. Mbele, gari refu jeusi linalong'aa, vibendera vya zambarau, mwendo wa taratibu. Nyuma yake Mchungaji, nyuma yake maua, nyuma yake mstari wa taa hadi kwenye kona. Na ndani ya dirisha kubwa la nyuma, kati ya mapazia meupe, Wendell Grubbs, chali, tai shingoni, macho yamefumbwa, kofia yake imewekwa kifuani chini ya mikono iliyokunjwa.

Huku kwetu msafara wa maziko huenda na taa zimewaka na vibendera vya zambarau, na ukipita, kila mtu hujitoa barabarani na kusimama. Hatuulizi ni wa nani. Lori husimama, trekta husimama, mwenye kofia huivua.

Lori likasimama. Trekta likasimama. Mwenye trekta alishuka matopeni, akavua kofia, akaiweka moyoni.

Wendell aliyaona yote hayo kwa jicho moja alilolifumbua kwa siri.

"Lavonne!" alinong'ona. "Umeona? Wanaliheshimu gari!"

Lavonne alikuwa ameshaona. Alitazama kioo, akauona mstari wa taa, akamwona Mchungaji ameinamisha kichwa juu ya usukani, akaelewa yote kwa mkupuo. Alichomoa kitambaa na kujifunika uso. Mabega yalimtetemeka. Alicheka mpaka machozi yakamlowesha kola.

Kwenye kituo cha mafuta, wanawake wawili walisimama chini ya paa, mikono mashavuni.

"Ni Wendell! Jamani, ni Wendell Grubbs!"

"Na mkewe analia, masikini, ndiye anayeendesha! Hamna hata mtu wa kumshikia usukani?"

"Labda marehemu aliagiza hivyo. Si unajua alivyolionea wivu hilo gari."

"Wanampeleka wapi? Makaburi si huku."

"Mtoni. Kila siku alisema atakwenda mtoni."

"Kwa hiyo ndiyo anakwenda sasa."

"Ndiyo anakwenda sasa. Nipe simu nimpigie Dottie."

Dottie alimpigia Opal Dinwiddie. Bi Opal alikata simu. Alivaa aproni na kuwasha jiko.

Wendell, huku nyuma, alikuwa akiishi dakika tamu kuliko zote za maisha yake. Misimu mitatu ya kuchekwa! Na sasa kaunti nzima imesimama matopeni, kofia mkononi, kwa ajili ya nyumba yake ya magurudumu. Alitaka kupunga mkono. Alijizuia. Alitaka kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama gavana. Alijizuia.

Lakini walipofika kwenye shamba la Hollis Pruitt alishindwa. Hollis alikuwa amesimama peke yake ukingoni mwa soya zake, kichwa wazi kwenye mvua, mtu yule yule wa milima kwa ujumla, na alikuwa akifuta machozi kwa kofia.

"Hata Hollis!" alisema Wendell moyoni. "Hata Hollis amekubali!"

Akaketi. Akanyoosha mkono mmoja kupitia dirishani, polepole, kwa adhama, akampungia.

Mchungaji Odom alikuwa amehubiri ufufuo kila Pasaka kwa muda mrefu bila kutetereka. Siku alipouona kwa macho, aliukimbilia mbali kabisa. Gari lake liliacha barabara, likaruka mtaro, likaingia kwenye soya za Hollis na kukaa huko, honi ikilia yenyewe. Muuza maua alifunga breki. Maua ya harusi yalipaa na kutua juu ya barabara yote.

Mama ndege akamvaa Wendell usoni.

"Wendell!" Lavonne alisimamisha gari na kugeuka. "Vifaranga! Lala chini sasa hivi!"

Wendell akalala chini, akafumba macho, akakunja mikono.

Nimelisikia tukio hilo kwa vinywa vingi, na wasimulizi hutofautiana juu ya mambo madogo, lakini hakuna aliyelifupisha vizuri kuliko Hollis Pruitt. "Alifufuka," anasema Hollis, "akafokewa, akafa tena."

Kutoka mwisho wa msafara alikuja mtu mnene akikimbia, masharubu yamelowa. Alikuwa Merle. Alikuwa njiani kwenda langoni na hema lake, akajiunga nyuma kama muungwana, na alipoulizia marehemu ni nani na kuambiwa, alilia hadi waipa za pikapu zikaonekana hazina maana.

"Dada!" alimkumbatia Lavonne. "Pole, dada yangu! Alikuwa mtu mzuri! Msumbufu, lakini mzuri!"

"Hajafa, Merle."

Merle alimwachia. "Hajafa?"

"Bado."

"Nipo huku!" ilitoka sauti dirishani.

Merle alijipangusa masharubu, akatazama jua lililokuwa likichungulia chini ya mawingu, upande wa mtoni. Huzuni ilimtoka usoni kipande kwa kipande.

"Lango litafungwa muda si mrefu," alisema. "Na kwa mwendo wa huyo ndege, hamfiki."

Hiyo ilikuwa kweli, na kila mtu aliijua. Lavonne alisimama katikati ya barabara, maua meupe miguuni. Aliangalia gari. Aliangalia pikapu. Alipanda ndani, akatoka na mto wake wa kulalia na kandambili.

"Lavonne," alisema Wendell, akitamka neno moja moja kwa sauti ya chini ili asimtishe ndege. "Mpenzi. Unakwenda wapi na mto?"

"Kiwanja namba saba. Kimeandikwa jina langu."

"Na mimi?"

"Wewe umeshika kofia."

"Shemeji!" aliita Merle akiwa ameshafungua mlango wa pikapu. "Kofia ni yangu, kumbuka! Lakini sina pupa. Nitasubiri wapangaji wahame!"

Pikapu ikapita pembeni mwa gari jeusi na kupotelea kwenye kona. Ilikwenda kasi sana. Wendell hakuwahi kumwona Lavonne akipunga mkono kwa mtindo unaoeleweka namna ile.

Wakabaki na suala la gari. Mwenye gari hawezi kutingishika. Mchungaji, kwa upande wake, hakuwa na gari, kwa maana lake lilikuwa katikati ya soya. Akapanda kwenye usukani, uso bado umepauka, akaushika kama mtu anayeshika nyoka wa mwenzake.

"Sijawahi kuendesha kitu kirefu hivi, Ndugu Grubbs."

"Breki usizikanyage," ilisema sauti kutoka kitandani, kwa uchungu mkubwa. "Zibembeleze."

Aligeuzia kwenye lango la shamba la Hollis, na msafara wote, ambao hakuna aliyethubutu kuuvunja, ukageuka nyuma yake. Wakarudi mjini taratibu vile vile, taa zinawaka, mama ndege kiooni. Mwenye trekta, aliyekuwa ndiyo kwanza amekwea tena, alishuka matopeni kwa mara ya pili.

Mbele ya nyumba ya akina Grubbs hapakuwa na pa kukanyaga. Akina mama wa Methodisti walikuwa wameshapanga meza barazani: viazi vya jibini, maharage ya kuoka, jeli ya kijani yenye vipande vya karoti ndani, kila bakuli limebandikwa utepe chini wenye jina la mwenyewe. Katikati ya meza, kama askofu kati ya mashemasi, lilikaa paja la nguruwe la Opal Dinwiddie. Vipande vyake vya nanasi viling'aa. Harufu iliingia kwa dirisha la nyuma na kumshika Wendell puani, naye tangu asubuhi hakuwa ameonja hata mkate.

Akina mama walizunguka dirisha, vitambaa mikononi.

"Wamemwandaa vizuri," alisema mmoja.

"Mbona kofia inalia?"

"Mbona anapumua?"

"Habari za jioni, akina mama," alisema Wendell bila kufumbua macho.

Mmoja alikaa chini kwenye nyasi. Mchungaji Odom alilazimika kueleza, na alieleza vizuri, akianzia kwenye ndege na kuishia kwenye soya. Alipomaliza, akina mama walitazamana. Kutazamana huko, kwa masikitiko, hakukuwa kwa furaha tupu. Watu walikuwa wameacha shughuli zao. Watu walikuwa wamemenya viazi.

"Kwa hiyo hajafa," alisema Opal Dinwiddie. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Opal."

"Na mtoni hujafika?"

"Nilikaribia."

Bi Opal alitazama lile gari kutoka bendera mpaka dirisha la nyuma. Alimtazama mtu aliyelazwa humo, tai imekaa upande, ndege amesimama kwenye paji la uso wake akimwangalia kwa dharau.

"Opal," alisema Wendell, sauti imemlegea kabisa. "Mikono yangu ina kazi. Ungeniwekea tu mdomoni. Kipande kimoja. Chenye nanasi."

Bi Opal alikwenda barazani. Alinyanyua sahani yake, akatazama utepe chini kuhakikisha ni jina lake, akaifunika kwa karatasi ya alumini na kuikunja pembe zote vizuri. Njiani kuelekea kwenye gari lake alisimama kidogo karibu na dirisha.

"Hili ni la msiba," alisema. "Siku ukifa kweli, Wendell, nitalileta tena."